Petr Čech: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kipa wa kofia

Mjadala wa makipa bora wa Ligi Kuu ya England ukianza kijiweni, jina la Petr Čech halichelewi kutajwa, na maswali yanayofuata karibu kila mara ni yale yale. Kofia ilitoka wapi? Munich alijuaje upande wa kuruka? Ilikuwaje mtu wa Chelsea akaishia Arsenal? Tumeyakusanya hapa na kuyajibu moja moja. Mengine majibu yake ni mafupi, mengine yanahitaji nafasi.

Petr Čech ni nani?

Ni mlinda mlango mstaafu wa Jamhuri ya Cheki. Alizaliwa Mei 20, 1982 mjini Plzeň, enzi hizo nchi ikiitwa Chekoslovakia. Ana urefu wa mita 1.96. Nyumbani alidakia Chmel Blšany na Sparta Praha, akaenda Rennes ya Ufaransa, akakaa Chelsea miaka 11 na kumalizia Arsenal kwa miaka minne. Ndiye aliyeichezea timu ya taifa ya Cheki mechi nyingi kuliko wote, 124. Katika Ligi Kuu ya England alicheza mechi 443, na 202 kati ya hizo alimaliza bila kuruhusu bao, rekodi ya ligi hiyo. Kuhusu jina, herufi ya kwanza isomeke kama ch ya chai, na mwisho kama kh.

Ni kweli hakuanza kama kipa?

Kweli. Alianza soka akiwa na miaka 7 katika timu ya watoto ya Plzeň, akicheza mbele. Akiwa na miaka 10 alivunjika mguu, na katika kipindi cha kupona akawekwa golini. Hakutoka tena. Michezo ilikuwa ya nyumbani kwao, kwa kuwa baba yake alikuwa mwanariadha wa dekathloni. Petr mwenyewe ni mmoja wa mapacha watatu, na pacha wao mmoja alifariki akiwa na miaka miwili. Suala hilo la mapacha tutalirudia tukifika kwenye kofia, maana vinahusiana.

Alianzia timu gani ya wakubwa?

Chmel Blšany, mwaka 1999. Blšany ni mji mdogo mno, wa watu takriban elfu moja, katika eneo linalolima mmea unaotumika kutengenezea bia. Kwamba mji wa aina hiyo ulikuwa na timu ligi kuu ni habari ya kushangaza peke yake. Kwa kijana wa miaka 17 palikuwa mahali pazuri kuliko benchi la timu kubwa: unadaka kila wiki, unafungwa, unajifunza.

Mwaka 2001 Sparta Praha wakamchukua. Msimu huo akakaa dakika 903 za ligi bila nyavu zake kutikiswa, rekodi ya Cheki. Kiangazi cha 2002 akaenda Uswisi na timu ya vijana chini ya miaka 21 kwenye fainali za Ulaya. Cheki walikutana na Ufaransa fainali, ikaisha kwa mikwaju ya penati, Cheki wakashinda 3-1 na kipa akawa shujaa wa usiku huo. Wiki chache baadaye alikuwa mchezaji wa Rennes.

Chelsea walimpataje?

Hapa wengi hukosea na kusema ni José Mourinho aliyemleta. Makubaliano na Rennes yalifikiwa Februari 2004, kocha akiwa bado Claudio Ranieri, kwa ada ya paundi milioni 7. Čech akamalizia msimu Ufaransa, akacheza Euro 2004 Ureno, na alipofika London Mourinho ndiye aliyekuwa ofisini. Kipa namba moja alikuwa Carlo Cudicini, Mwitaliano aliyependwa sana na mashabiki na aliyehesabiwa miongoni mwa makipa bora wa ligi. Cudicini akaumia kiwiko kabla ya msimu kuanza. Agosti 15, 2004 Čech akasimama golini dhidi ya Manchester United, Chelsea wakashinda 1-0, na nafasi ikawa yake kwa miaka kumi.

Rekodi za msimu wa 2004/05 ni zake au ni za mabeki wake?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote yanayoulizwa kumhusu, na wanaolijibu kwa haraka hawajalitendea haki.

Takwimu kwanza. Chelsea walifungwa mabao 15 katika mechi 38. Čech alicheza mechi 35 na kumaliza 24 bila kuruhusu bao. Rekodi zote mbili zimedumu hadi leo. Ndani ya msimu huo kuna kipindi cha dakika 1,025 ambacho hakuna mpira wa ligi uliompita. Ilikuwa rekodi ya Ligi Kuu mpaka Januari 2009, Edwin van der Sar, kipa wa Manchester United, alipoivunja.

Cha kufurahisha ni namna kipindi chenyewe kilivyoanza. Desemba 12, 2004, Highbury, uwanja wa Arsenal wa enzi hizo, Arsenal walipata faulo nje ya boksi. Čech alikuwa amesogea kwenye mwamba mmoja anapanga ukuta. Thierry Henry akamuuliza mwamuzi kama anaweza kupiga, akaruhusiwa, akapiga, mpira ukaingia kipa akiwa bado anaelekeza watu. Baada ya bao hilo la aibu kidogo, ikachukua hadi Machi 5, 2005, Leon McKenzie wa Norwich alipofunga, ndipo nyavu za Čech zikatikisika tena kwenye ligi.

Sasa, mbele yake walikuwa nani? John Terry, Ricardo Carvalho, William Gallas, Paulo Ferreira, na mbele yao Claude Makélélé anayefagia kila kitu. Ukuta huo hata kipa wa kawaida angeonekana wa maana. Anayesema hivyo hajakosea. Lakini kwa kipa wa timu kama hiyo ugumu uko kwingine. Unaweza kukaa dakika 40 bila kugusa mpira, halafu ukaja mmoja tu, nao ndio wa kuamua mechi. Ubora wa Čech wa miaka ile ulikuwa kwenye krosi. Alikuwa anatoka golini mapema, anaudaka mpira juu ya vichwa vya watu, na hatari inakufa kabla haijapewa jina. Kitu hicho hakiingii kwenye video za dakika mbili mtandaoni, kwa sababu hakuna kuruka wala kupangua. Kuna mtu mrefu ameushika mpira, basi.

Kwa hiyo jibu letu: rekodi ya 2004/05 ni ya wote watano na Makélélé wao. Anayetaka kuona Čech akiisaidia timu peke yake asubiri 2012.

Nini kilitokea Reading?

Oktoba 14, 2006, uwanja wa Madejski. Mechi haijamaliza hata dakika moja. Mpira unaingia kwenye boksi la Chelsea, Čech anateremka kuukumbatia, Stephen Hunt wa Reading anaukimbilia, na goti la Hunt linampiga kipa upande wa kichwa. Hunt hakuonyeshwa kadi, na miaka yote amesema ilikuwa ajali.

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi ya kilivyoonekana kwenye runinga. Čech alijaribu kujiinua, akaanguka, akatolewa. Alikuwa amevunjika fuvu na kipande cha mfupa kimebonyea ndani. Alipelekwa Oxford, akafanyiwa upasuaji na kuwekewa vibati viwili vya chuma. Madaktari walisema alikuwa amekaribia kupoteza maisha.

Na mechi yenyewe haikuishia hapo. Cudicini aliyeingia badala yake naye aligongwa, akazimia, akatolewa kwa machela kabla ya filimbi ya mwisho. Wachezaji wa akiba walikuwa wamekwisha, ikabidi John Terry avae jezi ya kipa amalizie. Chelsea wakashinda 1-0.

Mourinho alilalamika kwa ukali kuhusu muda uliotumika kumfikisha kipa wake hospitali. Baadaye Ligi Kuu ilikaza masharti ya huduma ya dharura viwanjani, ikiwamo kuwepo kwa gari la wagonjwa kwa ajili ya wachezaji. Leo mchezaji akigongwa kichwa mechi husimama, daktari huingia mbio na kipa hupewa muda wake. Mwaka 2006 haikuwa hivyo.

Kofia ile ilikuwa ya nini, na kwa nini hakuivua hata baada ya kupona?

Ni kofia laini ya kujikinga kama ile wanayovaa wachezaji wa raga. Alirudi uwanjani akiwa nayo Januari 20, 2007 dhidi ya Liverpool, Anfield, miezi mitatu tu na siku kadhaa tangu afunguliwe fuvu. Chelsea walipoteza 2-0 siku hiyo, lakini waliojua uzito wa jeraha walishangaa kumuona golini kabisa.

Wengi walidhani ataivua baada ya msimu. Hakuivua mpaka anastaafu. Mwenyewe aliwahi kueleza kwamba kwa kuwa walizaliwa mapacha watatu, mifupa ya fuvu lake ni myembamba kuliko ya mtu wa kawaida, na sehemu iliyovunjika haitakuwa imara tena kama zamani. Kipa anayetoka kudaka krosi anaingia katikati ya viwiko na magoti kila wiki. Kwake kofia ilikuwa kifaa cha kazi sawa na glavu.

Wapo wanaodai kwamba baada ya ajali hakuwa tena kipa yule yule. Kuna ukweli kidogo ndani yake: katika baadhi ya mechi za 2008 alionekana kusita kwenye mipira ya juu, eneo ambalo awali lilikuwa lake. Aprili mwaka huo huo aligongana na mwenzake mazoezini, akashonwa mdomo na kidevu. Mtu akiumia hivyo mara mbili, kusita kidogo si ajabu. La ajabu ni kwamba baada ya hapo aliendelea miaka kumi na moja zaidi.

Munich 2012: alijuaje upande wa kila penati?

Kwa sababu alisoma. Hilo si fumbo la maneno. Christophe Lollichon, kocha wa makipa aliyemfahamu tangu Rennes na aliyemfuata Chelsea, alimwandalia video ya karibu saa mbili yenye penati za Bayern Munich tangu mwaka 2007. Čech akakaa nayo kabla ya fainali.

Mei 19, 2012, Allianz Arena, Bayern wakiwa nyumbani kwao. Thomas Müller akafunga dakika ya 83, Didier Drogba akasawazisha kwa kichwa dakika ya 88. Ikaingia muda wa nyongeza. Dakika za mwanzo tu Drogba akamchezea faulo Franck Ribéry ndani ya boksi. Penati. Mpigaji ni Arjen Robben, mtu aliyefanya mazoezi na Čech pale Chelsea kwa miaka mitatu. Robben akapiga chini kwa mguu wa kushoto. Čech akaenda kushoto kwake, mpira ukamgonga, akaulalia kabla haujaponyoka.

Zikaja penati zenyewe. Juan Mata akakosa ya kwanza ya Chelsea, kwa hiyo tangu mwanzo walikuwa nyuma. Philipp Lahm akafunga, Čech alikuwa upande huo huo. Mario Gomez akafunga, Čech upande huo huo. Akaja kipa mwenzake, Manuel Neuer, akafunga. Čech upande huo huo tena. Ukitazama picha za marudio utaona alikuwa anazikaribia. Ya nne ya Ivica Olić akaipangua. Ya tano Bastian Schweinsteiger alisita kidogo akikimbilia mpira, akapiga, ncha za vidole vya Čech zikaugusa, ukagonga mwamba. Drogba akamaliza kazi, 4-3.

Hesabu: penati sita pamoja na ya Robben, mara sita kaenda upande sahihi. Kwa kubahatisha tu kati ya kushoto na kulia, nafasi ya kupatia zote sita ni moja kati ya 64, na hapo hatujahesabu wanaopiga katikati. Waliokuwa kwenye vibanda umiza usiku ule walisema kipa ana bahati. Saa mbili za video hazina bahati ndani yake.

Mechi iliisha usiku sana. Saa sita ilipopita ikawa Mei 20, na Čech akatimiza miaka 30 akiwa na medali ya Ligi ya Mabingwa shingoni.

Basi alikuwa mtaalamu wa penati?

Hapana, si kwa takwimu za maisha yake yote, na ndiyo maana Munich inapendeza zaidi.

Zipo kubwa alizookoa. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2008 mjini Moscow alimzuia Cristiano Ronaldo wa Manchester United, na Chelsea wangekuwa mabingwa kama Terry asingeteleza. Mwishowe Van der Sar akamzuia Nicolas Anelka. Fainali ya Kombe la FA ya 2010 aliizuia ya Kevin-Prince Boateng wa Portsmouth mechi ikiwa 0-0, na Drogba akafunga bao pekee muda mfupi baadaye.

Lakini tazama Agosti 30, 2013. Kombe la Super la Ulaya, Chelsea na Bayern tena, safari hii Praha, mbele ya watu wa kwao. Sare ya 2-2, penati. Bayern wakapiga tano na kufunga zote tano. Romelu Lukaku akakosa ya mwisho ya Chelsea, kombe likaenda Ujerumani. Kipa ni yule yule, mpinzani yule yule. Akiwa Arsenal zikampita penati baada ya penati kwa karibu misimu mitatu hadi watu wakaanza kutania.

Timu ya taifa ilimpa nini?

Kombe kubwa la wakubwa hapana. Lililokaribia zaidi ni Euro 2004. Cheki ile ya Pavel Nedvěd, Karel Poborský, Tomáš Rosický, Jan Koller na Milan Baroš ilicheza soka tamu kuliko timu yoyote ya mashindano yale. Waliwafunga Uholanzi 3-2 wakitoka nyuma 2-0. Nusu fainali wakakutana na Ugiriki mjini Porto, Nedvěd akaumia goti na kutoka, na Traianos Dellas akafunga kwa kichwa mwishoni mwa kipindi cha kwanza cha nyongeza. Enzi hizo kulikuwa na kanuni ya bao la fedha, yaani anayeongoza kipindi cha kwanza cha nyongeza kikiisha ndiye mshindi, kwa hiyo mechi ikaishia hapo hapo. Kizazi kile hakikupata nafasi nyingine kama ile.

Na ile mechi ya Ghana?

Kombe la Dunia 2006, Juni 17, mjini Cologne. Kwa Waafrika wengi hiyo ndiyo picha ya kwanza ya Čech wanayoikumbuka nje ya klabu, na ni picha ya mtu anayeshambuliwa kama mvua. Asamoah Gyan alifunga dakika ya pili. Kipindi cha pili Tomáš Ujfaluši akapewa kadi nyekundu kwa kumwangusha mshambuliaji ndani ya boksi, na penati aliyopiga Gyan ikagonga mwamba. Kuanzia hapo Ghana walikuwa wanaingia watakavyo, na Čech alizuia mpira mmoja baada ya mwingine, mpaka Sulley Muntari alipofunga la pili dakika ya 82.

Ulikuwa ushindi wa kwanza wa Ghana katika Kombe la Dunia. Bila yule kipa matokeo yangekuwa 4-0 au 5-0, na Michael Essien, aliyekuwa upande wa pili siku hiyo, alikuwa akimjua vizuri kutoka Chelsea. Kipa kufungwa mabao mawili na bado akawa miongoni mwa waliocheza vizuri kuliko wote uwanjani ni jambo linalotokea mara chache.

Kosa lake kubwa ni lipi?

Geneva, Juni 15, 2008, Euro, mechi ya mwisho ya kundi dhidi ya Uturuki. Cheki walikuwa mbele 2-0 na mguu mmoja robo fainali. Uturuki wakapata moja. Dakika ya 87 Hamit Altıntop akachonga krosi ya kawaida kabisa. Čech akatoka, akaufikia, mpira ukamponyoka mikononi na kudondoka miguuni kwa Nihat Kahveci. 2-2. Dakika mbili baadaye Nihat huyo huyo akafunga la tatu kwa shuti lililogonga mwamba wa juu na kuingia. Cheki nje.

Hakukuwa na jua machoni wala faulo. Alikosea. Miaka minne baadaye, Euro 2012, aliponyokwa na mpira mwingine mbele ya Theofanis Gekas wa Ugiriki, ila mara hii timu ikashinda 2-1.

Kwa nini aliondoka Chelsea?

Kipa mwingine wa Chelsea, Thibaut Courtois, alirudi kutoka Atlético Madrid alikokuwa kwa mkopo, akiwa na miaka 22. Čech alikuwa na 32, na Aprili 2014 alikuwa ameumia bega kwenye nusu fainali dhidi ya Atlético hao hao. Mourinho akachagua kijana. Msimu wa 2014/15 Čech alicheza mechi saba tu za ligi, ingawa fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Tottenham ndiye aliyesimama golini na Chelsea wakashinda 2-0.

Aliomba kuondoka bila kelele. Mourinho hakutaka auzwe kwa wapinzani wa London, lakini mmiliki Roman Abramovich aliruhusu kwa heshima ya alichoifanyia klabu. Juni 2015 akahamia Arsenal kwa takriban paundi milioni 10. Ameiacha Chelsea na mechi 494 na rekodi ya klabu ya mechi 228 bila kuruhusu bao. Rekodi hiyo aliichukua kutoka kwa kipa wa zamani wa klabu, Peter Bonetti, Januari 2014.

Arsenal alifanikiwa?

Nusu nusu. Mechi yake ya kwanza ya ligi, dhidi ya West Ham, alifungwa 2-0 na mabao yote yalikuwa ya kumlaumu. Kisha akatulia. Desemba 28, 2015 dhidi ya Bournemouth alifikisha mechi 170 za Ligi Kuu bila kuruhusu bao na kumpita David James aliyekuwa na rekodi, na msimu huo akabeba Glavu ya Dhahabu, tuzo ya kipa mwenye mechi nyingi za namna hiyo msimuni, kwa mara ya nne. Machi 11, 2018 dhidi ya Watford akafikisha ya 200, wa kwanza kufika huko, na katika mechi hiyo hiyo akaidaka penati ya Troy Deeney, yake ya kwanza kuidaka akiwa Arsenal.

Msimu wa mwisho haukumfaa. Kocha Unai Emery alitaka kipa aanzishe mashambulizi kwa pasi fupi, na Čech akiwa na miaka 36 akaonekana kuhangaika na mpira mguuni. Kwenye mechi ya kwanza dhidi ya Manchester City nusura ajifunge. Septemba akaumia, Bernd Leno akaingia, ikawa imekwisha kwenye ligi. Alibaki na Ligi ya Europa, na mechi yake ya mwisho ikawa fainali ya Baku, Mei 29, 2019. Mpinzani, Chelsea. Matokeo, 4-1 kwa Chelsea.

Alishinda makombe gani?

Ligi Kuu ya England mara nne: 2005, 2006, 2010, 2015. Kombe la FA mara tano, nne akiwa Chelsea na moja akiwa Arsenal mwaka 2017, ingawa fainali hiyo David Ospina ndiye aliyedaka. Kombe la Ligi mara tatu. Ligi ya Mabingwa 2012, Ligi ya Europa 2013. Nyumbani alichaguliwa Mwanasoka Bora wa Mwaka mara tisa. Mwaka 2023 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa Ligi Kuu.

Ni kipa bora kuliko wote waliowahi kutoka Cheki?

Kwa vikombe na takwimu, ndiyo. Wazee wa Praha watakutajia wengine wawili kwanza. František Plánička alikuwa nahodha wa Chekoslovakia iliyofika fainali ya Kombe la Dunia 1934, na mwaka 1938 alimaliza mechi na Brazil akiwa amevunjika mkono. Ivo Viktor alikuwa golini Belgrade mwaka 1976 walipotwaa ubingwa wa Ulaya, usiku wa penati ya Antonín Panenka, na mwaka huo akashika nafasi ya tatu kwenye Ballon d'Or. Viktor ana kitu ambacho Čech hana, ubingwa akiwa na jezi ya taifa, na Mcheki akikubishia hapo usishangae.

Baada ya kustaafu alifanya nini?

Alirudi Chelsea Juni 2019 kama mshauri wa ufundi, akakaa hadi Juni 2022 klabu ilipobadilisha mmiliki. Katika kipindi hicho, Septemba 2020, Chelsea walimsajili Edouard Mendy wa Senegal kutoka Rennes, klabu ile ile iliyomtoa Čech, na yeye alikuwa na sauti kubwa katika usajili huo. Miezi minane baadaye Mendy alikuwa bingwa wa Ulaya. Mwaka 2020 huo huo, wakati wa korona, Čech mwenyewe aliandikishwa kikosini kama kipa wa dharura na akadaka mechi moja ya vijana.

Muziki: anapiga ngoma za bendi, na si kwa mzaha.

Ni kweli anacheza hoki?

Ndiyo, hoki ya kwenye barafu, tena kipa. Ndio mchezo aliokuwa akiupenda utotoni. Oktoba 2019 alianza na Guildford Phoenix, timu ya ngazi ya chini England. Mechi ya kwanza ikaenda hadi penati, akazuia, wakashinda, akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Baadaye akapitia Chelmsford Chieftains, Oxford City Stars na Belfast Giants. Kofia, kama unavyojua, kule kila kipa anavaa.

Kipa kijana anayetaka kujifunza kwake atazame mechi ipi kwanza?

Wengi watasema Munich. Sisi tunasema fainali ya Kombe la FA, Mei 5, 2012, Chelsea na Liverpool, wiki mbili kabla ya Munich. Chelsea wanaongoza 2-1, zimebaki dakika chache. Andy Carroll anapiga kichwa kutoka karibu sana, mpira unaelekea chini ya mwamba wa juu. Čech anarudi nyuma huku anaruka na kuusukuma kwa mkono ukagonga mwamba. Wachezaji wa Liverpool wakashangilia bao. Mwamuzi msaidizi akakataa, na marudio yakamuunga mkono.

Usitazame mkono kwanza. Tazama miguu kabla Carroll hajaruka: hatua mbili ndogo za pembeni, uzito uko mbele, mikono iko chini imelegea. Irudie taratibu mara kadhaa, kisha nenda uwanjani mtafute mtu wa kukuchongea krosi.